Vijana, Miti na Fedha: Mafunzo ya Kazi katika Vikosi vya Hifadhi vya Marekani

Utangulizi

Kazi ya kuhifadhi mazingira ina sifa moja inayoitenga na kazi nyingine nyingi: matunda yake huchelewa kuonekana. Mkulima wa mahindi huvuna baada ya miezi michache, lakini anayepanda msitu juu ya mlima uliomomonyolewa hutazamia mavuno ambayo pengine yeye mwenyewe hatayaona. Hali ni hiyo hiyo kwa anayemfundisha kijana kazi. Ujuzi alioupata kijana akiwa na umri wa miaka 18 huenda thamani yake isidhihirike mpaka afikishe miaka 40. Lakini fedha zinazogharimia kazi hizo mbili hutolewa, huhesabiwa na hukatwa mwaka kwa mwaka.

Katika makala haya tutalichunguza tatizo hilo kwa kutumia mfano mmoja, yaani vikosi vya vijana vya kuhifadhi mazingira nchini Marekani. Mfano huo umechaguliwa kwa sababu historia yake inazidi miaka 90 na kumbukumbu zake zimetunzwa vizuri. Kwa hiyo inawezekana kuona ni njia zipi za kupata fedha zilizodumu na zipi zilizovunjika, na kwa sababu gani.

1. Maana ya maneno muhimu

Kabla ya kuendelea, yafaa tuelewane juu ya maneno matatu.

Kikosi cha hifadhi ni kundi la vijana, aghalabu wenye umri kati ya miaka 16 na 30, wanaofanya kazi za kutunza ardhi, misitu, maji na wanyama chini ya kiongozi mwenye ujuzi. Vijana hao hulipwa posho, na wakati huo huo hufundishwa kazi.

Shirika lisilo la faida si shirika lisilopata ziada ya fedha. Ni shirika ambalo ziada yake haigawiwi kwa wenye hisa wala kwa viongozi, bali hurudishwa katika kazi yenyewe. Nchini Marekani shirika la namna hiyo husamehewa kodi ya mapato, na raia anayelichangia aweza kupunguziwa kodi yake.

Ruzuku ni fedha inayotolewa kwa kusudi maalumu bila kudaiwa irudishwe. Ruzuku si mkopo, wala si malipo ya bidhaa. Hata hivyo huambatana na masharti, na anayeitoa aweza kuisimamisha.

2. Chanzo: kambi za 1933 hadi 1942

Rais Franklin D. Roosevelt aliposhika madaraka mwezi Machi 1933, takriban mtu mmoja katika kila wanne wa nguvukazi ya Marekani hakuwa na kazi. Wakati huo huo ardhi nayo ilikuwa ikiugua. Misitu mingi ilikuwa imefyekwa pasipo kupandwa upya, na katika nyanda za kati upepo ulikuwa ukiupeperusha udongo wa juu uliolimwa bila kinga. Roosevelt aliyaunganisha matatizo hayo mawili ili moja liwe dawa ya jingine. Sheria ilitiwa sahihi tarehe 31 Machi 1933, na kabla Aprili haijaisha kambi ya kwanza ilikuwa imefunguliwa katika msitu mmoja wa jimbo la Virginia. Huo ndio mwanzo wa kikosi kilichojulikana kwa kifupi kama CCC.

Kijana wa CCC alilipwa dola 30 kwa mwezi. Kati ya hizo, dola 25 zilipelekwa moja kwa moja nyumbani kwa wazazi wake; yeye alipewa chakula, malazi, mavazi na matibabu kambini. Katika muda wa miaka 9 vijana wapatao milioni 3 walipitia kambi hizo na kupanda miti ipatayo bilioni 3. Walijenga barabara za misitu, minara ya kuangalizia moto, na vizuizi vya mawe katika makorongo. Jioni palikuwa na madarasa, na makumi ya maelfu ya vijana walijifunza kusoma na kuandika humo.

Kisayansi, kazi hiyo ilikuwa na msingi imara. Tone la mvua likianguka juu ya udongo mtupu huvunja chembechembe za udongo na kuziba vitundu vyake. Maji yakishindwa kupenya hutiririka, na yakitiririka hubeba udongo. Majani ya mti hupunguza nguvu ya tone, takataka za majani huyakawiza maji, na mizizi huushika udongo. Kizuizi cha mawe ndani ya korongo hupunguza kasi ya maji, nayo maji yakienda polepole huutua mchanga yaliouchukua. Kijana aliyejenga vizuizi hivyo kwa mikono yake alikuwa anajifunza elimu ya udongo kwa njia asiyoweza kuisahau.

Hata hivyo CCC ilikuwa na kasoro kubwa. Wasichana hawakuruhusiwa kujiunga. Vijana Weusi waliruhusiwa, lakini waliandikishwa kwa idadi ndogo kuliko mahitaji yao, na kuanzia 1935 walitengwa katika kambi zao peke yao. Isitoshe, kikosi kizima kilitegemea mfuko mmoja tu, yaani fedha zilizoidhinishwa na Bunge la Marekani kila mwaka. Vita vilipokuja, viwanda na jeshi vikawachukua vijana, na mwaka 1942 Bunge likakataa kutoa fedha zaidi. Kikosi kilichokuwa na maelfu ya kambi kikatoweka.

3. Kutoka serikalini hadi mashirika ya hiari

Mwaka 1955 mwanafunzi mmoja wa Chuo cha Vassar, Elizabeth Cushman, aliandika tasnifu akipendekeza kwamba wanafunzi wapelekwe katika hifadhi za taifa ili wasaidie kazi ambazo watumishi wachache waliokuwepo hawakuzimudu. Mwaka 1957 kundi la kwanza la wanafunzi 53 lilianza kazi katika hifadhi za Olympic na Grand Teton. Kutokana na jaribio hilo likazaliwa shirika la Student Conservation Association, ambalo halikuwa idara ya serikali wala kampuni ya biashara.

Serikali nayo ilijaribu tena. Mwaka 1970 ilianzisha kikosi cha vijana cha likizo za kiangazi, na mwaka 1977 kikosi kingine cha mwaka mzima kwa vijana wasio na kazi. Lakini mapema katika miaka ya 1980 serikali mpya ilipobana matumizi, kile cha mwaka mzima kilifutwa kabisa kufikia 1982, na cha kiangazi kikabaki kidogo sana. Yaliyotokea mwaka 1942 yakawa yamejirudia.

Safari hii, lakini, mbegu ilikuwa imekwisha kusambaa. Jimbo la California lilikuwa na kikosi chake tangu 1976. Mwaka 1983 mji wa San Francisco ulipata kikosi chake, kilichoendeshwa na shirika lisilo la faida, na miji mingine ikafuata. Mwaka 1985 vikosi hivyo viliunda umoja wa taifa, ambao leo una wanachama zaidi ya 100. Hapo ndipo mtindo ulipobadilika. Badala ya kikosi kimoja kikubwa cha serikali, yakawepo mashirika mengi madogo, kila moja likitafuta fedha kwa njia zake.

4. Fedha hutoka wapi?

Gharama za kikosi ni posho za vijana, mshahara wa kiongozi, chakula, usafiri, zana, bima, na mafunzo ya usalama. Mafunzo ya usalama yana uzito wake, kwani kijana hakabidhiwi msumeno wa injini kabla ya kufundishwa na kupimwa. Fedha za gharama hizo hupatikana kwa njia nne kuu.

(a) Mikataba ya kazi. Idara ya misitu au ya hifadhi za taifa ina njia ya kutengeneza au magugu ya kung'oa. Hufanya mapatano na kikosi, nacho hulipwa kwa kazi iliyofanyika. Sheria ya 1993 inayohusu vikosi vya ardhi ya umma iliweka kwamba serikali ya shirikisho yaweza kulipa hadi asilimia 75 ya gharama za mradi, na kikosi hutafuta asilimia 25 iliyobaki. Faida ya njia hii ni kwamba kikosi huonekana ni mtenda kazi, si mwombaji. Hatari yake ni kwamba mwenye kazi hutaka kazi imalizike upesi, ilhali kufundisha huchukua muda. Mwanagenzi huharibu miche kabla ya kujua kuipanda, na mkataba haulipii makosa yake.

(b) Ruzuku za utumishi wa taifa. Mwaka 1993 Marekani iliunda mpango wa AmeriCorps, ambao huyapa mashirika ruzuku ili yawatunze watu wanaojitolea kutumikia jamii, na humpa kila aliyemaliza utumishi wake fedha za kulipia masomo. Vikosi vingi vya hifadhi vilijijenga juu ya ruzuku hizo.

(c) Mifuko iliyotengwa kwa sheria. Mfano bora ni wa California. Kwa sheria ya 1986, mnunuzi wa soda hulipa dhamana ya chombo, ambayo leo ni senti 5 kwa chombo kidogo na senti 10 kwa kikubwa, naye hurudishiwa akikirejesha kituoni. Msomaji wetu aliyepata kununua soda kwa kuacha pesa ya chupa dukani ataelewa mara moja. Vyombo visivyorejeshwa huacha fedha katika mfuko wa jimbo, na sehemu ya mfuko huo hupewa vikosi vya miji, ambavyo vijana wake hukusanya na kuchambua taka zinazoweza kutumika tena. Lakini hapa pana fumbo la kiuchumi. Kadiri wananchi wanavyozidi kurejesha chupa, ndivyo fedha inayobaki mfukoni inavyopungua. Kufaulu kwa lengo la mazingira kunapunguza chanzo cha mapato. Ndiyo sababu katika muongo wa 2010 jimbo liliongeza fedha kutoka katika mifuko mingine, kama ile ya matairi makuukuu na mafuta machafu ya injini.

(d) Michango ya watu binafsi, wakfu na makampuni. Fedha hizi huwa na masharti machache, na kwa hiyo hufaa kwa yale ambayo mikataba haiyalipii, kama vile kumfundisha kijana kuandika barua ya kuomba kazi, au kununua viatu vya wale wasio na uwezo. Lakini huwa ni kidogo, nazo huyumba pamoja na hali ya uchumi.

Tuchukue mfano wa kubuni kwa ajili ya darasa. Shirika A na Shirika B kila moja lina vikundi 10 vya vijana. A hupata asilimia 80 ya fedha zake kutoka chanzo kimoja, na asilimia 20 kutoka vingine. B hupata asilimia 30 kutoka chanzo chake kikubwa, na asilimia 70 kutoka vingine vitatu. Vyanzo vikubwa vikifungwa siku moja, A atabakiwa na fedha za vikundi 2 na B fedha za vikundi 7. A amekufa, B amejeruhiwa.

Yapasa hapa kutoa tahadhari. Mabomba manne si visima vinne. Ikiwa mkataba, ruzuku na mchango wa mradi vyote asili yake ni hazina moja, shirika litajidanganya likidhani kwamba lina vyanzo vitatu. Anayehesabu vyanzo vya fedha hana budi kufuata kila bomba mpaka chemchemi yake.

5. Mwelekeo wa miaka ya karibuni

Mambo matatu yamejitokeza. Kwanza, milango imepanuliwa. Wasichana na wavulana hufanya kazi pamoja, na kuanzia 2008 wananchi wa asili wa Acoma, katika jimbo la New Mexico, walipata kikosi kinachowafundisha vijana wao kutunza ardhi ya mababu. Sheria ya 2019 iliongeza kikomo cha umri hadi miaka 30, na 35 kwa waliotumikia jeshi.

Pili, kazi imebadilika. Siku hizi mkazo umewekwa katika kupunguza kuni na vichaka vikavu vinavyochochea moto wa misitu, na katika kuondoa mimea vamizi. Mmojawapo ni mkwaju-chumvi, kichaka cha jamii ya tamariski kilicholetwa Marekani katika karne ya 19, ambacho kimejaza kingo za mito ya kusini-magharibi.

Tatu, daraja kati ya mafunzo na ajira limewekwa wazi zaidi. Kijana aliyetimiza saa 640 za kazi zinazokubalika katika ardhi ya umma hupata, kwa muda maalumu, nafasi ya kufikiriwa kwa ajira ya serikali ya shirikisho bila kushindana na waombaji wote.

Lakini daraja halina faida ikiwa ng'ambo hakuna nchi kavu. Mwezi Januari 2025 serikali ya shirikisho ilisimamisha uajiri mpya katika idara zake nyingi. Mwezi Aprili mwaka huo huo ilifuta ghafla ruzuku za AmeriCorps zenye thamani ya karibu dola milioni 400. Mashirika zaidi ya 1,000 yaliguswa, pamoja na watumishi wapatao 32,000, ambao wengi waliambiwa waache kazi katikati ya msimu. Mwezi Juni mahakama iliamuru ruzuku zirejeshwe katika majimbo zaidi ya 20 yaliyokuwa yamefungua mashtaka. Lakini kijana aliyekwisha kurudi nyumbani na kutafuta kibarua kingine harejeshwi kwa amri ya mahakama.

Wala ardhi haingoji. Mkwaju-chumvi ukikatwa huchipua upya kutoka kwenye kisiki, na usipofuatiliwa katika misimu inayofuata huwa kana kwamba haukuguswa. Kukata fedha kwa msimu mmoja, basi, hakuokoi gharama za msimu huo tu. Hupoteza pia gharama za misimu iliyotangulia.

6. Je, mafunzo haya yana faida?

Swali hili ni la haki, kwa kuwa fedha ni za wananchi. Mwaka 2024 Anna Aizer na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya vijana wa CCC. Walizikusanya kumbukumbu za kambi, wakazioanisha na sensa, orodha za jeshi, mapato yaliyoandikwa kwa ajili ya pensheni, na kumbukumbu za vifo. Walitaka kujua kama vijana waliokaa kambini muda mrefu walitofautiana na waliokaa muda mfupi.

Matokeo yalikuwa na pande mbili. Katika miaka ya mwanzo, waliokaa muda mrefu hawakuonekana kupata kazi wala mshahara mzuri kuliko wengine. Lau uchunguzi ungalikoma hapo, CCC ingalihukumiwa kuwa imeshindwa. Lakini watafiti walipofuatilia maisha yote, waliona kwamba waliokaa muda mrefu walikuwa na afya bora, walijipatia mapato makubwa zaidi katika maisha yao, na waliishi miaka mingi zaidi.

Mwanafunzi makini atauliza: je, waliokaa muda mrefu hawakuwa tangu mwanzo wenye afya au bidii zaidi? Swali hilo ndilo roho ya sayansi, na watafiti hao walilishughulikia kwa kulinganisha vijana waliofanana kwa hali zao na kwa njia nyingine za hesabu. Hata hivyo uchunguzi wa namna hii hauna nguvu sawa na jaribio ambalo vijana wangechaguliwa kwa kura. Linalobaki wazi ni kwamba anayepima mafunzo baada ya mwaka mmoja anaweza kupata jibu lililo kinyume na la anayepima baada ya miaka 40.

7. Yanatuhusu nini?

Nchi zetu zina uzoefu wao. Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania lilianzishwa mwaka 1963, na Huduma ya Vijana kwa Taifa ya Kenya mwaka 1964. Zote mbili ni vyombo vya serikali. Kwa upande wa mashirika ya hiari, Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977. Shirika hilo liliwalipa akina mama kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche uliostawi, si kwa kila mche uliopandwa. Hiyo ni kanuni ya fedha yenye busara ya biolojia ndani yake: mche unaopandwa ni tumaini tu, mche uliostawi ndio mti. Kufikia mwaka 2004, alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, zaidi ya miti milioni 30 ilikuwa imepandwa.

Hali kadhalika tumeonja uchungu wa chemchemi moja. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake mapema mwaka 2025 na kufungwa tarehe 1 Julai mwaka huo. Miradi ya hifadhi ya Afrika Mashariki iliyoitegemea ilijikuta katika hali ile ile ya vikosi vya Marekani. Na mmea wa mathenge unaoisumbua Baringo, kama mkwaju-chumvi, huchipua tena ukikatwa bila kung'olewa; haujali kama fedha imechelewa.

Hitimisho

Tumeona kwamba kambi za 1933 zilifanya kazi kubwa, zikafa kwa kutegemea mfuko mmoja. Kwamba mashirika yasiyo ya faida yalidumu kwa kuchanganya mikataba, ruzuku, mifuko ya kisheria na michango. Na kwamba mwaka 2025 ulionyesha kuwa hata mchanganyiko huo una udhaifu ikiwa vyanzo vyake vina asili moja. Miti na vijana hukua kwa kipimo cha miaka mingi. Anayepanga fedha za kuvikuza hana budi kutumia kipimo hicho hicho: ahadi ya miaka kadhaa, vyanzo vilivyo mbalimbali kwa kweli, akiba ya msimu wa dhiki, na upimaji usiokoma siku mafunzo yanapokwisha.

Maswali ya mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya ruzuku na malipo ya mkataba. Ni ipi inayofaa zaidi kulipia mafunzo, na kwa nini?

2. Eleza kwa mchoro jinsi kizuizi cha mawe kinavyopunguza mmomonyoko ndani ya korongo.

3. Shirika lina vyanzo vitano vya fedha vyenye asilimia 40, 25, 15, 10 na 10. Cha kwanza na cha tatu asili yake ni hazina moja. Hazina hiyo ikifungwa, litabakiwa na asilimia ngapi?

4. Kwa nini fedha za chupa zisizorejeshwa haziwezi kuwa chanzo cha kudumu? Pendekeza chanzo kingine kinachofaa wilaya yenu.

5. Kazi ya kikundi: Pandeni miche 50 shuleni. Ihesabuni iliyo hai baada ya mwezi 1, miezi 6 na mwaka 1, na muandike gharama za kila kipindi. Kokotoeni gharama ya mche mmoja uliopandwa, kisha ya mche mmoja uliostawi. Jadilini ni hesabu ipi mngemwonyesha mfadhili, na kwa nini.